Unaaminika kwa Lipi? Mwongozo wa Kupima Ushuhuda wa Manusura wa Holokosti

Kila muhula maswali ni yale yale. "Mwalimu, bibi huyu anasema 1942, kitabu kinasema 1943, nimfuate nani?" "Mzee kalia tangu mwanzo hadi mwisho. Sasa mtu anayelia nitamkaguaje?" Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini wenzake wakishatoka darasani: "Kuna video nimeiona inasema manusura walitunga. Ni kweli?" Nimejibu kwa ujumbe wa sauti mpaka koo limekauka, kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja.

Kabla ya hatua yoyote, badilisha swali. Ukiuliza "ushuhuda huu ni wa kuaminika au la?" utazunguka pale pale wiki nzima. Uliza: unaaminika kwa lipi? Mtu yule yule, katika sentensi mbili zinazofuatana, anaweza kuwa shahidi mzuri kuliko hati yoyote kwa jambo alilotendewa, halafu akawa shahidi dhaifu wa hesabu ya waliokufa. Hatua zilizo hapa chini kazi yake ni kuzitenga sentensi hizo mbili.

Tuelewane pia tunapima nini. Mauaji ya Wayahudi wapatao milioni 6 wa Ulaya, yaliyofanywa na Wanazi na washirika wao, hayasubiri kuthibitishwa na ushuhuda utakaousoma wewe leo. Yamesimama juu ya hati za Wajerumani wenyewe, maungamo ya wauaji, makaburi, picha na kesi za mahakamani, pamoja na sauti za maelfu ya watu wasiojuana. Sisi tunapima madai: nani, wapi, siku gani, alionaje.

UWE NA NINI MKONONI

- Ushuhuda mmoja. Wanaoanza hupakua kumi kwa mpigo, wakaishia kusikiliza dakika tano tano za kila mmoja. Hifadhi ya USC Shoah Foundation, iliyoanzishwa na Steven Spielberg mwaka 1994, ina shuhuda zaidi ya 50,000 kwa lugha zaidi ya 30, na sehemu yake inafunguka bure ukijisajili. (Wasomaji wa Rwanda na majirani: humo humo mna shuhuda za manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, na hatua hizi zinazifaa vilevile.) Ukitaka sauti za mapema, tafuta za David Boder, mwanasaikolojia kutoka Chicago aliyezunguka Ulaya mwaka 1946 na kinasa sauti cha waya, akarekodi watu zaidi ya 100 kwa lugha 9 wakati wengi wao bado hawana pa kwenda.
- Daftari la mistari, au jedwali kwenye kompyuta. Simu peke yake itakutesa.
- Ramani mbili: ya Ulaya ya wakati wa vita, na ya kambi au geto (mtaa waliofungiwa Wayahudi) lenyewe.
- Mfululizo wa matukio ya mahali hapo kwa tarehe, hata kama ni wa ukurasa mmoja.
- Angalau chanzo kimoja kisicho ushuhuda. Arolsen Archives ya Ujerumani ina mamilioni ya hati, zikiwemo kadi za wafungwa na orodha za kambi, na unaweza kutafuta jina mtandaoni bila kulipa.
- Bando na muda. Mahojiano ya video ya miaka ya 1990 mara nyingi yanapita saa mbili.
- Mtu wa kuzungumza naye ukimaliza. Usilipuuze hili kwa sababu liko mwisho wa orodha.

HATUA YA 1: Jua ushuhuda ulizaliwa vipi

Juu ya ukurasa andika mistari mitano: nani anasema, lini, aliulizwa na nani, kwa lugha gani, kwa shabaha gani.

Mistari hiyo mitano inaeleza nusu ya tofauti zinazokushangaza. Tume ya kihistoria ya Wayahudi wa Poland ilianza kukusanya shuhuda mwaka 1944, vita havijaisha, ikafikisha takriban 7,000. Waulizaji walikuwa manusura wenyewe, na walitaka majina ya wauaji, vijiji, idadi. Mwendesha mashtaka wa miaka ya 1960 anataka kujua nani alifyatua risasi na wewe ulisimama hatua ngapi kutoka pale. Ukianza habari za mama yako atakukatiza. Mwenye kamera wa mwaka 1996 anaanzia utotoni kabla ya vita na kumalizia na picha za wajukuu. Mtu mmoja akipita kwa wote watatu atatoa simulizi tatu zisizofanana, na popote hajadanganya.

HATUA YA 2: Sikiliza mara ya kwanza bila kalamu

Mzima, kuanzia mwanzo. Ukianza na kalamu utasikia makosa tu.

HATUA YA 3: Gawa kila dai katika safu nne

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Chora safu nne: NILIONA, NILITENDEWA, NILISIKIA, NILIJUA BAADAYE. Kila dai liingie safu moja. Dai likikataa kuingia, maana yake ni madai mawili yaliyofungwa pamoja; likate.

Tega sikio kwa viashiria. "Nilikuwa nimesimama karibu na..." ni safu ya kwanza. "Walisema", "ilijulikana", "watu wa zamani pale walitwambia" ni safu ya tatu. Hatari kubwa ni neno "tulijua". Linafunika kila kitu: kuona, kusikia, kukisia, hata kusoma gazetini miaka ishirini baadaye. Ukilikuta, rudisha nyuma kinasa ujue walijuaje.

Mfano wa safu ya tatu. Katika mageto na kambi nyingi ulienea uvumi kwamba herufi RIF zilizogongwa kwenye vipande vya sabuni zilimaanisha mafuta ya miili ya Wayahudi. Zilikuwa kifupi cha ofisi ya serikali ya Ujerumani iliyosimamia mafuta ya viwandani. Manusura anayesema "tulipewa sabuni ya watu" ni shahidi mzuri kwamba uvumi ulikuwepo na kwamba watu waliuona unawezekana, jambo ambalo peke yake linakueleza walikuwa wanaishi katika hali gani. Si shahidi wa kiwanda cha sabuni. Andika NILISIKIA, endelea.

Mfano wa safu ya nne ni daktari Josef Mengele. Jina lake lilivuma sana baada ya vita, likameza majina ya madaktari wengine wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, waliosimama kwenye jukwaa la treni la Birkenau, sehemu ya kambi ya Auschwitz, wakichagua nani aishi na nani apelekwe kwenye vyumba vya gesi. Yeye alifika Auschwitz Mei 1943, kwa hiyo anayesema alipokewa naye mwaka 1942 amemkosea mtu. Kuna hata kisa kigumu zaidi. Mwishoni mwa Julai 1944 wafungwa wa kambi za kazi za Starachowice, Poland, walipelekwa Birkenau. Mwanahistoria Christopher Browning alipochunguza treni ile alikuta kwamba iliingizwa kambini bila ule uchaguzi wa kawaida. Na bado baadhi ya waliokuwemo walikumbuka Mengele akiwachagua. Walikuwa Birkenau kweli, walimpoteza ndugu kweli. Kipande kimoja cha kumbukumbu kimeazimwa kutoka kwa wengine, kwenye vitabu, filamu na mazungumzo ya miaka mingi.

Kosa la kawaida: kuona safu ya nne imejaa, ukadhani ya kwanza nayo imeoza. Safu haziambukizani.

HATUA YA 4: Geuza tarehe, saa na majina ya mahali

Ndani ya kambi hakukuwa na kalenda ukutani. Watu walihesabu kwa sikukuu, kwa baridi, kwa kifo cha mtu wao. Si jambo geni kwetu: muulize bibi alizaa mtoto wa tatu lini, atakwambia "mwaka wa vita vya Amini" au "ule mwaka wa Elnino", na atakuwa sahihi kuliko cheti.

Kwa hiyo usiandike "hakumbuki tarehe" kabla hujageuza. Sikukuu za Kiyahudi huhama kila mwaka kama Idi, ingawa hazizunguki mwaka mzima kwa sababu kalenda yao huongezewa mwezi mara kwa mara. Anayesema "ilikuwa Yom Kippur, 1942" amekupa Septemba 21. "Usiku wa kwanza wa Pasaka yetu" mwaka 1943 ni Aprili 19, siku ileile Wajerumani walipoingia geto la Warsaw na kukuta watu wamejipanga kupigana. Mara nyingi dai lililoonekana la ovyo linageuka kuwa tarehe kamili.

Saa nazo zinatuponza sisi wa Kiswahili peke yetu. Maandishi chini ya video yakisema kengele iligongwa "4:30", usiandike saa nne na nusu. Huko Auschwitz kiangazi wafungwa waliamshwa saa kumi na nusu alfajiri. Nimewahi kusahihisha insha nzima iliyojengwa juu ya mfungwa "aliyelala mpaka saa nne na nusu".

Majina ya mahali: mji mmoja unaweza kuwa Lwów kwa Mpolandi, Lemberg kwa Mjerumani na Lviv leo. Łódź ilibatizwa Litzmannstadt. Oświęcim ndiyo Auschwitz. Na Auschwitz yenyewe ilikuwa kambi kuu tatu pamoja na vikambi vingi vya pembeni. Mtu aliyekaa Monowitz, kambi ya kiwanda, hakuwa akiona ya Birkenau. Kabla hujasema wawili wanapingana, hakikisha walikuwa mahali pamoja.

HATUA YA 5: Simama aliposimama

Chukua ramani ya kambi. Alikuwa kibanda gani, kazi gani, saa ngapi? Kati yake na anachosimulia palikuwa na ukuta?

Katika kesi ya Frankfurt ya 1963 hadi 1965, iliyowahusu waliokuwa wafanyakazi wa Auschwitz, mawakili wa utetezi walibisha sana kuhusu nani aliweza kuona nini kutoka dirisha gani. Desemba 1964 ujumbe wa mahakama ukasafiri hadi Auschwitz, katika nchi iliyokuwa upande wa pili wa Vita Baridi, ukasimama pale pale na kujaribu. Wewe huna nauli ya Poland, ila ramani na picha za angani zipo.

Hatua hii ndiyo iliyomnasa Herman Rosenblat, aliyesimulia Marekani kwa miaka kwamba msichana alikuwa akimrushia matofaa juu ya uzio wa kambi ya Schlieben, na kwamba baadaye alikutana naye na kumwoa. Wanahistoria walitazama ramani: mtu wa nje kufika kwenye uzio ule angepita jirani kabisa na walikolala SS. Mwaka 2008 alikiri kwamba habari ya matofaa ni ya kutunga. Tazama vizuri lakini: Rosenblat alikuwa manusura wa kweli, na Schlieben alikaa kweli. Hata hapa unafuta dai, humfuti mtu.

HATUA YA 6: Tafuta mashahidi wengine, kisha uliza kama wanajuana

Wawili wakisema jambo moja, swali la kwanza ni kama waliketi meza moja. Manusura wa mji mmoja walikuwa na vyama, walikutana kila mwaka, walisimuliana. Kukubaliana kwao kuna uzito mdogo kuliko kukubaliana kwa mtu aliyehojiwa 1945 na mwingine wa bara jingine aliyehojiwa 1995, hasa wakikubaliana kwenye kitu kidogo ambacho hakuna sababu ya kukitunga.

Turudi Starachowice. Oktoba 27, 1942 Wayahudi wa mtaa wa Wierzbnik walitolewa majumbani. Karibu 4,000 wakapelekwa Treblinka kuuawa na karibu 1,600 kambi za kazi. Walther Becker, mkuu wa polisi wa Kijerumani pale mjini, alishtakiwa Hamburg. Manusura walikuja mmoja mmoja kueleza walichomwona akifanya siku ile. Mwaka 1972 mahakama ikamwachia huru. Majaji walikuwa wamemchukua kila shahidi peke yake, wakamkuta na dosari, wakamweka pembeni, mpaka hakubaki hata mmoja. Kwao ushahidi wa macho ulikuwa ndio dhaifu kuliko wote.

Browning alifanya kinyume. Alikusanya shuhuda 292 za watu wa kambi zile, za kuanzia 1945 na kuendelea kwa miongo, akaziweka zote mezani kwa pamoja. Alitazamia kukuta kumbukumbu zimepinda kadiri miaka ilivyokwenda. Alichokuta ni kiini kilichosimama imara ajabu, na dosari zikiwa pembezoni. Ukinunua embe moja lenye doa unalitupa. Ukiwa na tenga zima unajua msimu ulikuwaje. Sijapata mfano bora wa kuwaonyesha wanafunzi kwa nini hakimu na mwanahistoria wanaweza kusoma karatasi zile zile wakatoka na majibu mawili.

Kazi yake inasahihisha pia imani kwamba ushuhuda wa mapema ndio safi siku zote. Kwa majina na mpangilio wa siku, wa mapema una nguvu. Lakini kubakwa, rushwa ndani ya baraza la Wayahudi lililowekwa na Wajerumani, wafungwa kulipiziana kisasi: mengi ya hayo yalinyamaziwa mwaka 1945 na kusemwa uzeeni, wahusika wakiwa wamekufa na aibu imepoa. Ukikuta jambo limetajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1997, usiliite nyongeza kabla hujajiuliza lingesemwa vipi mbele ya majirani mwaka 1945.

HATUA YA 7: Nenda kwenye hati, na ardhini

Nitakaa hapa kidogo, maana kuna kisa ambacho kikikukaa kichwani huhitaji nadharia.

Bełżec, kusini mashariki mwa Poland, ilikuwa kambi ya mauaji tupu. Waliotoka hai wakasimulia wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mmoja ni Rudolf Reder, mwenye kiwanda cha sabuni wa Lwów, aliyefikishwa Agosti 1942 na kuachwa hai kwa sababu walihitaji mikono ya kazi. Mwishoni mwa Novemba walimchukua hadi Lwów kubeba mabati. Mlinzi akasinzia garini. Reder akashuka, akatembea, akafichwa na mwanamke aliyekuwa mtumishi wake. Simulizi yake ilichapishwa Kraków mwaka 1946.

Alisema kulikuwa na makaburi 30 ya halaiki, kila moja lenye urefu wa mita 100 na maiti 100,000. Akazidisha: watu milioni 3.

Sasa hati. Januari 11, 1943 afisa wa SS, Hermann Höfle, alituma simu ya maandishi yenye jumla ya waliofikishwa hadi mwisho wa 1942 kwenye Bełżec na kambi nyingine za Operesheni Reinhard, mpango wa kuwaua Wayahudi wa Poland. Waingereza waliinasa bila kujua maana yake, ikalala kwenye mafaili London hadi mwaka 2000. Ya Bełżec ilikuwa 434,508. Reder amekosea karibu mara saba.

Sasa ardhi. Wajerumani waliivunja kambi mwaka 1943, wakafukua na kuchoma maiti, wakalima, wakapanda miti, wakajenga nyumba ya shamba. Kati ya 1997 na 1999 timu ya mwanaakiolojia Andrzej Kola ilitoboa ardhi ile kwa keekee za kuchimbua sampuli. Walikuta makaburi 33 ya halaiki, ingawa hayakuwa makubwa kama Reder alivyoyasimulia.

Mfungwa mmoja, mwenye njaa, anayepigwa kila siku, alisema 30. Miaka zaidi ya 50 baadaye ardhi ikajibu 33. Kitu alichoweza kuhesabu kwa macho, akitembea kati yake na akishiriki kuchimba, alikipata. Ukubwa ulikuzwa na hofu. Na jumla ya waliouawa, kitu ambacho hakuna mfungwa angeweza kukijua, ilikuwa hesabu ya kuzidisha tu. Pitisha maneno yake kwenye safu nne za Hatua ya 3 uone yanavyojipanga yenyewe.

Kosa la kawaida: kuichukulia hati kama msahafu. Wauaji waliandika kwa lugha ya kuficha. "Kuhamishiwa Mashariki" ilikuwa kifo. Mwaka 1943 mtakwimu wa SS, Richard Korherr, aliandaa ripoti ya idadi ya Wayahudi, na Himmler, mkuu wa SS, akaagiza hata yale maneno "kushughulikiwa kwa namna maalumu" yaondolewe, yawekwe ya usafirishaji. Bila mashahidi, hati hiyo ungeisoma kama ratiba ya reli. Na wauaji walikosea hesabu pia: Rudolf Höss, kamanda wa Auschwitz, alitaja milioni 3 alipokuwa shahidi kwenye kesi ya viongozi wa Wanazi, Nuremberg, mwaka 1946, utafiti umefika kwenye takriban milioni 1.1.

HATUA YA 8: Andika hukumu ya kila dai

Tumia maneno manne tu, usiongeze: imethibitishwa, inaelekea, inawezekana, haikutokea hivyo. Kila moja lifuatwe na sababu ya mstari mmoja. Kwa mtu wa treni ya Starachowice ingekuwa hivi:

Dai: tulisafirishwa kwenda Birkenau mwishoni mwa Julai 1944. Imethibitishwa, wenzake wengi wanaikumbuka safari hiyo, na namba yake ya mkono ni ya mfululizo wa wakati ule.
Dai: ndani ya behewa watu walikufa kwa kukosa hewa. Inaelekea, linganisha na wengine wa mabehewa tofauti.
Dai: Mengele alituchagua tulipofika. Haikutokea hivyo, limeazimwa.

Mistari mitatu, mtu mmoja, hukumu tatu. Kwenye insha usiandike "ushuhuda huu una makosa". Andika dai lipi, na kwa nini.

UKIKWAMA

Nimekuta namba isiyowezekana.
Mwanamke mmoja alihojiwa kwa ajili ya hifadhi ya video ya Chuo Kikuu cha Yale, akasimulia uasi wa wafungwa wa Birkenau wa Oktoba 7, 1944: ghafla moto, dohani nne za matanuri ya kuchomea maiti zikalipuka. Wanahistoria walioitazama rekodi walisema haifai, kwa kuwa tanuri lililoteketea lilikuwa moja. Dori Laub, mtaalamu wa magonjwa ya akili aliyemhoji, alijibu kwamba mama yule anashuhudia kitu kingine: kwamba Auschwitz, mahali pasipowezekana upinzani, mtu aliuona upinzani. Mimi nawapa haki wote wawili. Kwa idadi ya matanuri usimnukuu. Kwa jinsi uasi ulivyoonekana na kupokewa na wafungwa waliokuwa mbali kidogo, mnukuu.

Shahidi ametaja sura au mtu ambaye siye.
Hii ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, hasa baada ya miaka 30. John Demjanjuk alitambuliwa na manusura wa Treblinka kuwa ndiye "Ivan wa Kutisha", akahukumiwa kifo Jerusalem mwaka 1988. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Israeli ilimwachia: karatasi zilizotoka Muungano wa Kisovyeti zilikuwa na maelezo ya waliokuwa walinzi pale, wakimtaja Ivan mwingine, Marchenko. Soma karatasi hizo hadi mwisho. Zinamwondoa Demjanjuk, na zinathibitisha kwamba mwendesha mitambo ya gesi mkatili aitwaye Ivan alikuwepo. Sura imekosewa, tendo limesimama. (Mwaka 2011 mahakama ya Munich ilimtia Demjanjuk hatiani kwa kuwa mlinzi wa kambi ya mauaji ya Sobibor, alifariki rufaa ikiwa bado.)

Nashuku ni uongo mtupu.
Upo, ila ni nadra, na una alama zake: hakuna jina la mji wa nyumbani, hakuna hati hata moja, matukio ni ya kusisimua kuliko ya kuchosha, na shahidi alikuwa mdogo mno kuulizwa zaidi. Binjamin Wilkomirski alichapisha mwaka 1995 kumbukumbu za utoto wa kambini zilizosifiwa sana. Mwaka 1998 mwandishi wa habari wa Uswisi, Daniel Ganzfried, alifukua rekodi: mtu huyo alizaliwa na kukulia Uswisi. Njia ya mwongo fupi, na hapa iliishia kwenye rejista ya kuzaliwa. Anza huko: ofisi za vizazi, orodha za treni, Arolsen.

Mtu ananiambia kosa moja linaangusha kila kitu.
Muulize amepata wapi kosa hilo. Karibu kila mara limegunduliwa na wanahistoria wa Holokosti wenyewe, kwa kazi kama hii unayoifanya, yeye kalikuta limeshaandikwa. Kisha mwambie aeleze, bila kugusa manusura hata mmoja, zile 434,508 za Höfle na makaburi 33 ya Kola. Usibishane zaidi ya hapo. Bando lako lina kazi nyingine.

Sielewi lugha ya shahidi, natumia tafsiri.
Andika hivyo wazi kwenye mstari wa lugha katika Hatua ya 1. Kwa neno lolote utakalojengea hoja, tafuta hata mtu mmoja anayejua lugha ile akusikilizie dakika hiyo tu. Kiyidi, Kipolandi na Kijerumani vina maneno ya kambini ambayo kamusi ya kawaida haina.

Shahidi amenyamaza na sijui niandike nini.
Usiandike "hakujibu". Mwanafunzi wangu mmoja aliandika hivyo mara tatu kwenye ukurasa mmoja. Tuliposikiliza pamoja, mara mbili mama yule alikuwa anatikisa kichwa na mara ya tatu alikuwa anakunja kitambaa mapajani, akakikunjua, akakikunja tena. Andika unachokiona na muda wake: "kimya, sekunde 14, anakunja kitambaa". Kisha andika swali lililotangulia neno kwa neno, na neno la kwanza alilolisema aliporudi.